Barua mbili na bakora moja: uchambuzi wa kisa cha nidhamu katika skuli ya sekondari Kaskazini Pemba

Kisa hiki nimekiunga kwa ajili ya mafunzo ya walimu. Si cha skuli moja. Ni mambo ya skuli kadhaa yaliyoshonwa pamoja ili asijulikane mtoto, mwalimu wala kijiji. Lakini mwalimu yeyote wa Wete au Micheweni atakayekisoma hatakiona kigeni.

Lililotokea

Mwezi ni Oktoba na karafuu mwaka huo zimekubali. Darasa ni kidato cha pili, wanafunzi sabini na kitu, madawati hayatoshi, na mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar umekaribia. Mwalimu wa hisabati, kijana ambaye bado hajatimiza miaka thelathini, aliingia kipindi cha nne akakuta nyuma wameketi vijana watatu ambao hakuwaona kwa wiki mbili. Akamwita mmoja wao ubaoni akokotoe mlinganyo. Kijana hakunyanyuka. Akamwita mara ya pili. Kijana akajibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Maalim, kwani wewe kwa mwezi unapata ngapi?"

Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akatoka, akaenda chumba cha walimu, akarudi na bakora. (Katika chumba hichohicho umebandikwa waraka unaokataza bakora. Bakora yenyewe hukaa nyuma ya kabati, na hakuna mwalimu asiyejua iko wapi.) Akampiga mgongoni na mapajani, hakuna aliyehesabu. Kijana alipojikinga kwa mkono, bakora ikatua kwenye kidole. Hadi jioni kidole kilikuwa kimevimba hakikunjiki.

Mama yake akampeleka kituo cha afya, akaambiwa aanzie polisi achukue PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa hospitali. Polisi akapokelewa Dawati la Jinsia na Watoto, maelezo yakaandikwa. Hospitali ikathibitisha kwamba kidole kina ufa. Asubuhi ya pili ami yake kijana alikuwa langoni mwa skuli na wenzake, na mwalimu akawekwa ofisini mpaka sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, alipofika kutuliza watu. Siku chache baadaye kikafanyika kikao cha sulhu nyumbani kwa sheha. Mwalimu akaomba radhi, gharama za matibabu zikalipwa, fatiha ikasomwa. Jalada polisi likalala, kwa sababu upande wa mlalamikaji hawakurudi tena. Kabla ya mwaka kwisha mwalimu alipewa barua ya uhamisho kwenda skuli nyingine. Kijana alirudi siku ya mtihani tu.

Ukikisikiliza kisa hiki barazani, hukumu huwa ni moja kati ya mbili. Wapo wanaosema watoto wa siku hizi wameharibika na Serikali imewafunga walimu mikono. Wapo wanaosema mwalimu yule ni katili, angefungwa. Mimi naona hukumu zote mbili zinaanza kuhesabu siku isiyokuwa yake. Kisa hakikuanza kipindi cha nne. Kilianza wiki nyingi nyuma, kwenye faili.

Lililokuwa kwenye faili

Mwalimu yule alikuwa ameajiriwa mwaka huohuo. Kabla ya hapo alifundisha kwa kujitolea, yaani bila mshahara, kama wanavyofanya vijana wengi wenye vyeti wanaosubiri ajira. Kwa hiyo lile swali la "unapata ngapi" lilimchoma mahali pabaya. Silitaji hili kumtetea. Nalitaja kwa sababu asiyejua hilo hatajua kwa nini maneno machache ya mtoto yalimfikisha kwenye kabati.

Mwezi Septemba aliandika barua kwa mwalimu mkuu. Aliorodhesha vijana watatu wasiohudhuria na akaomba wazee wao waitwe. Pembeni mwa barua mwalimu mkuu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Nimeona." Basi. Wiki tatu baadaye akaandika ya pili, na hii lugha yake imebadilika. Anasema mmoja wa vijana wale anamdharau mbele ya wenzake, kwamba darasa linaanza kumtoka mkononi, na anaomba "msaada wa haraka kutoka kwa uongozi". Barua hiyo haina hata "Nimeona".

Ninapotumia kisa hiki kwenye mafunzo, hapa ndipo chumba kinapokuwa kizito. Karibu kila mwalimu aliyemo ana barua yake ya pili.

Lakini nisimfanye mwalimu mkuu kuwa jini. Skuli yake ina mikondo miwili, asubuhi na mchana. Yeye ndiye mhasibu, ndiye msimamizi wa mafundi wa banda jipya, ndiye anayepokea wageni kutoka wilayani, na bado ana vipindi vyake vya kufundisha. Barua ya utoro kwake ni karatasi moja kati ya karatasi arubaini. Na hapana waraka wowote mezani kwake unaomwambia kwamba ombi la namna ile lina siku zake za kujibiwa. Waraka uliopo unamwambia jambo moja tu: bakora hapana.

Mwalimu mshauri nasaha naye alikuwepo. Ni mwalimu wa kike, wa Kiswahili, mwenye vipindi kamili kama wenzake, aliyewahi kuhudhuria mafunzo mafupi na kurudi na kabrasha. Hana chumba. Ushauri wake hufanyika chini ya mwembe, mbele ya skuli nzima, na kijana wa kiume wa kidato cha pili hatakwenda kuketi chini ya mwembe huo kuulizwa habari za nyumbani kwao huku wenzake wanamtazama. Kwenye taarifa ya wilaya skuli hii inahesabiwa kuwa na huduma ya ushauri nasaha, na kwa maandishi ni kweli inayo.

Kijana mwenyewe

Daftari la mahudhurio lilikuwa limeshaeleza kila kitu. Utoro wake haukutawanyika. Kila ulipoanza uliendelea siku mfululizo, na wenzake wawili waliotoroka pamoja naye wanatoka mtaa mmoja. Kwa Pemba, katika miezi ya vuno, utoro wa aina hiyo hauhitaji uchunguzi. Vijana walikuwa juu ya mikarafuu.

Baba wa kijana yuko Unguja kwa kazi, na nyumbani mwenye kauli ni ami. Ami ana mikarafuu ya kukodi, na aliyekodi huwa anashindana na siku, kwa sababu karafuu ikipita wakati wake juu ya mti imeshapotea. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu alizochuma. Kijana mwepesi wa kupanda anarudi jioni na fedha mkononi, kisha usiku anakaa na mama yake na dada zake wanachambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule. Alipokuja darasani siku ile mikono yake bado ina weusi wa karafuu na mfukoni ana fedha yake mwenyewe. Swali alilomuuliza mwalimu lilikuwa la utovu wa adabu, hilo halina mjadala. Lakini pia lilikuwa swali la kweli la mtoto ambaye kwa wiki mbili amekuwa mchumaji wa familia, na sasa anaambiwa akae chini akokotoe thamani ya x.

Hakuna aliyekwenda kwa ami. Baina ya skuli na shamba lile ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mjumbe wa kamati ya skuli anakaa jirani na ami na wanasali msikiti mmoja. Kama barua ya Septemba ingetoa mtu mmoja tu wa kwenda kuzungumza na ami baada ya sala ya alasiri, pengine kijana angechuma Jumamosi na Jumapili na kusoma siku zilizobaki. Siwezi kuapa kwamba ami angekubali, lakini mazungumzo hayo yalikuwa rahisi kuliko yale ya langoni.

Sheria inasema nini, na watu wanadhani inasema nini

Kwenye kikao cha sulhu mwalimu mkuu alijitetea kwa kusema kwamba "sheria inaruhusu viboko vinne". Wazee wakatikisa vichwa, na sheha akakubali. Hapa pana kosa ambalo nimelikuta skuli nyingi, na inafaa lisemwe wazi.

Viboko vinne ni vya Tanzania Bara. Huko kanuni za mwaka 2002 zinampa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, ruhusa ya kuchapa viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake na wizara yake, na kanuni zile hazivuki bahari. Na hata kama zingevuka, mwalimu yule hakuwa na idhini, hakuhesabu wala hakuandika. Huko Bara kwenyewe, mwaka 2018, mwanafunzi wa skuli ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa, na mwaka uliofuata mwalimu alihukumiwa kunyongwa. Anayezishika kanuni zile kama ngao na asome habari hiyo mpaka mwisho.

Kwetu msimamo wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ni kwamba bakora haitumiki skuli. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamkinga mtoto na mateso na adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Mzazi sheria hiyo inamwachia nafasi ya kumrudi mwanawe, mradi asimdhuru mwili wala akili. Na kabla ya hayo yote upo Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mtoto aliyevunjwa kidole hana haja ya mwanasheria mkubwa.

Kwa nini basi kauli ya viboko vinne ina nguvu kuliko waraka wa ukutani? Nadhani ni kwa sababu kauli ile inampa mwalimu kitu cha kufanya. Waraka unamnyang'anya kitu, halafu unanyamaza. Isitoshe, waraka unakuja kwa watu ambao wenyewe wamelelewa kwa bakora, nyumbani, chuo cha Kurani na skuli. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa 2009 na kutolewa 2011, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa Zanzibar walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Mzee mmoja kwenye kikao alisema, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," na hakuna aliyempinga, hata mama wa mtoto. Wazee hawakukasirishwa na kupigwa. Walikasirishwa na kidole.

Hili la mwisho ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote. Kama ghadhabu ya jamii inaanza pale mfupa unapopata ufa, basi bakora mia moja zisizovunja kitu zinapita kimya, na mwalimu anajifunza kupima mkono wake badala ya kuiacha fimbo.

Kuhusu adhabu mbadala

Mtu atauliza: na adhabu mbadala je? Wizara, ikishirikiana na shirika la Save the Children, iliwahi kuanzisha skuli za majaribio za adhabu mbadala, na walimu wengi wa rika langu wanalijua jina hilo vizuri. Wazo lilikuwa jema. Lilikusudia makubaliano ya darasa yanayoandikwa na wanafunzi wenyewe, mazungumzo ya faragha, mzazi kuitwa mapema, na mtoto kutengeneza alichoharibu.

Katika skuli ya kisa hiki adhabu mbadala ilikuwa imegeuka orodha: kufagia uwanja, kuchota maji, kupiga magoti, kusimama juani mpaka kengele. Mwalimu alishawapa vijana wale zamu ya kuchota maji mara mbili kabla ya Oktoba. Kwa kijana anayeshinda juu ya mkarafuu tangu alfajiri, ndoo mbili za maji ni mapumziko. Walikwenda wakicheka na wakarudi kipindi kimekwisha, yaani adhabu ya utoro ikawa utoro wenye ruhusa. Na lile jua na yale magoti ni adhabu ya mwili vilevile, ila haiachi alama. Skuli ilibadilisha chombo, fikra ikabaki ileile kwamba nidhamu ni maumivu, na kinachotafutwa ni maumivu yasiyo na kesi.

Tatizo la kijana huyu lilikuwa hayupo darasani, na alipokuwepo alikuwa hafuati somo kwa sababu alishaachwa nyuma. Jibu la tatizo hilo ni mtu wa kumfuata nyumbani na mtu wa kumsomesha alichokikosa. Yote mawili yanahitaji saa za mwalimu. Bakora inahitaji dakika moja. Wenzangu wa ofisini mara nyingi hatulisemi hili kwa sauti: bakora imedumu pia kwa sababu ni rahisi, na tunamwambia mwalimu aache kilicho rahisi bila kumpa muda wa kufanya kilicho kigumu.

Kikao kwa sheha

Siidharau sulhu. Pemba watu wameoana, wanazikana, wanakopeshana. Mwalimu na ami wangekutana kesho dukani na keshokutwa mazikoni. Kesi ya mahakamani inayochukua miezi huacha familia mbili hazisalimiani kwa miaka. Kikao kile kilitoa radhi, kilitoa matibabu na kilizuia vurugu. Hayo si madogo.

Lakini tazama ni nani walikuwemo na ni nani hawakuwemo. Kijana hakuwemo, alikuwa nje na watoto wenzake huku wakubwa wakizungumza kidole chake. Afisa wa ustawi wa jamii hakuitwa. Na aliyekaa katikati kama mpatanishi, akinukuu viboko vinne, alikuwa mwalimu mkuu, mtu mwenye barua mbili mezani kwake. Mpatanishi alikuwa mmoja wa wahusika. Ndiyo maana kwenye maelewano yaliyoandikwa pale hapana neno moja kuhusu utoro, kuhusu ami kumpeleka mtoto shamba siku za skuli, wala kuhusu ombi la msaada lisilojibiwa. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa na kosa, na yeye, kwa aibu na hofu ya kupoteza ajira, hakuzitaja barua zake. Angezitaja angeonekana anakwepa.

Jingine ni la kisheria. Sulhu ya familia inaweza kuponya ujirani, haifuti madhara aliyofanyiwa mtoto. Polisi na ustawi wa jamii walikuwa na kazi ya kuendelea kufuatilia hata kama wazee wamesoma fatiha. Jalada lililolala kwa sababu mlalamikaji amenyamaza ni jambo la kawaida mno kwetu, si katika kesi za bakora tu.

Kisha uhamisho. Mwalimu alikwenda skuli mpya bila kuonywa kwa maandishi na bila kufunzwa chochote. Mkuu wake mpya hakuambiwa. Kama ni adhabu, haikumfundisha. Kama ni msaada, haukumsaidia. Skuli ya kwanza ilibaki bila mwalimu wa hisabati wiki chache kabla ya mtihani, kwa hiyo walioadhibiwa kwa hakika ni wale sabini waliokuwa wamecheka, na hata wasiocheka.

Wilaya ingefanya nini

Nasema wilaya kwa makusudi. Mwalimu mkuu mmoja anaweza kuwa mzembe au hodari. Kanuni ya wilaya ndiyo inayofanya uhodari usiwe bahati.

Jambo la kwanza ni kuifanya barua ya mwalimu kuhusu nidhamu iwe na saa. Ikiingia leo, ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi, na nakala iende kwa Afisa Elimu wa Wilaya kama ni ya pili kwa mtoto huyohuyo. Jibu halihitaji kuwa refu. Kwa barua ya Septemba ingetosha kuandikwa hivi: mjumbe wa kamati atakwenda kwa ami Alhamisi, mwalimu wa darasa atakaa na vijana hawa siku watakayorejea kabla hawajaingia kipindini, mwalimu wa hisabati atawapa kazi walizokosa, tukutane Jumatatu ijayo. Mistari minne. Mwalimu aliyepokea mistari hiyo bado anaweza kukasirika, lakini hayuko peke yake na kicheko cha watoto sabini.

La pili ni ruhusa ya kutoka. Mwalimu aliyetukanwa awe na njia inayotambuliwa ya kumkabidhi mtoto kwa mwalimu wa zamu na kuendelea na kipindi, bila wenzake kumuona dhaifu. Jaribuni kuuliza chumba cha walimu chochote: kumpeleka mtoto ofisini kunahesabiwa kushindwa. Mwalimu wa kisa hiki alipotoka darasani alikuwa na hatua thelathini hadi chumba cha walimu, na ndani walikuwemo watu wazima wawili waliomuona akichukua bakora. Hawakumuuliza kitu. Hao wawili sijawahi kuona wakitajwa kwenye taarifa ya kisa cha aina hii, na kwangu wao ni muhimu kuliko waraka.

Vituo vya Walimu tunavyo: Mitiulaya kwa Wete, Michakaini kwa Chake Chake. Mafunzo yanayofanyika huko huwa zaidi ni ya masomo. Mchana mmoja kwa muhula wa kuzungumza visa kama hiki, walimu wapya wakikaa na wakongwe, usingehitaji mradi wala mfadhili. Na chama cha walimu, ZATU, ambacho husikika zaidi kwenye maslahi na mishahara, kingekuwa na hoja nzito kama kingedai pia kwamba mwalimu aliyeomba msaada kwa maandishi ajibiwe kwa maandishi. Hilo nalo ni maslahi.

Kwenye mafunzo swali moja huulizwa kila mara, kwa kawaida na mwalimu aliyekunja mikono nyuma ya chumba: kwa hiyo unasema kosa ni la mwalimu mkuu? Hapana. Mwalimu aliyepiga alikosa, na angekosa hata kama barua zake zingekuwa kumi. Barua isiyojibiwa haimpi mtu haki ya kuvunja kidole cha mtoto. Ila taarifa inayoishia hapo, ikamhamisha na kufunga faili, inahakikisha kwamba skuli ileile itazalisha kisa kilekile kwa mwalimu mwingine karafuu zikikubali tena.

Gumu lililobaki ni la mwalimu mshauri nasaha. Chumba kinaweza kupatikana, hata kona ya stoo ikafagiliwa na kuwekwa viti viwili. Vipindi vyake ndivyo tatizo. Ukimpunguzia sita kwa wiki ili awe na muda wa watoto, nani atavifundisha? Mwalimu mkuu atasema hana mtu, na atakuwa anasema kweli. Uamuzi huo hawezi kuuchukua yeye. Ni wa anayepanga walimu wilayani na Wizarani, na unatakiwa ufanywe kabla ya Januari, wakati ratiba bado haijabandikwa.